Kabla mkaguzi wa EPC hajabisha hodi: nilivyoitoa nyumba yangu D nikaifikisha C

Shemeji yangu wa Leicester alinipigia simu saa tano usiku. Nilidhani kuna msiba. Kumbe anataka kujua ile sufi ya darini, ya kuzuia joto lisitoroke, nilinunua wapi, maana mkaguzi anakuja kwake wiki ijayo na cheti chake cha zamani cha EPC, kile kinachopima nyumba inavyotumia nishati, kinasema E. Nikamwambia sufi si mahali pa kuanzia, na nitamwandikia yote kwa utulivu. Ndiyo haya, na wengine wenye shida hiyohiyo wayasome.

Nyumba yetu iko Coventry. Ni ya matofali, ya miaka ya 1930, imeungana na ya jirani upande mmoja. Tulipoinunua 2015 tulikabidhiwa cheti cha EPC chenye alama 56, daraja la D. Sikukisoma. Nilikisokomeza kwenye bahasha ya makaratasi ya mwanasheria, bahasha ikapanda juu ya kabati, mimi nikaenda zangu kazini. Miaka kumi ikapita, cheti kikaisha muda wake, nasi tukawa tunahamia kwingine na hii tunataka kuipangisha. Dalali akauliza swali moja tu: "Cheti kipya kiko wapi?"

Kwa ambaye hajawahi kushughulika nacho: hapa England na Wales nyumba hupewa alama, kisha daraja kuanzia A hadi G. C inaanzia alama 69, D 55, E 39. Cheti kinadumu miaka 10. Kwa nyumba za kupangisha, tangu Aprili 2018 huwezi kuingia mkataba mpya kama nyumba iko chini ya E, na tangu Aprili 2020 hata mikataba iliyokuwapo imeingizwa, isipokuwa uwe umesajili sababu ya kusamehewa. Faini inaweza kufika pauni 5,000. Serikali imeshasema inataka nyumba za kupangisha zifike C ifikapo 2030, ndiyo maana sikutaka kujiridhisha na D. Walioko Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, waziangalie huko.

Anza na bahasha, si na nyundo

Mimi nafanya kazi bohari. Kule kwetu mzigo ambao haujaskaniwa haupo, hata kama umeukalia unakula chapati. Mkaguzi wa EPC naye ni hivyohivyo. Hatoboi ukuta, hang'oi ubao wa sakafu. Anaandika alichokiona kwa macho na kilichothibitishwa kwa karatasi. Kilichobaki anakikadiria kwa umri wa nyumba, na makadirio ya nyumba ya 1930 ni mabaya: ukuta hauna kitu ndani, sakafu haina kitu chini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa zinazopotea ni alama.

Kwa hiyo kwanza ingia kwenye tovuti ya serikali, tafuta rejista ya vyeti vya EPC, andika postikodi yako. Ni bure. Fungua cheti cha zamani usome mstari kwa mstari: kuta, paa, sakafu, madirisha, boila, vidhibiti vya joto, maji moto, taa. Popote palipoandikwa kwamba imekadiriwa tu, weka duara. Hapo ndipo penye alama zako zilizolala. Chini yake utaona orodha ya mapendekezo, na kila moja linaonyesha alama zitafika ngapi ukilitekeleza.

Changu kilisema ukuta ni wa tabaka mbili, uwazi wa katikati haujajazwa, imekadiriwa. Nikatoka nje na tochi, mke wangu ananiuliza dirishani kama nimepoteza kitu. Mbele ya nyumba imepigwa plasta ya kokoto, huoni lolote. Lakini ubavuni, nyuma ya mapipa ya taka, tofali liko wazi. Nikaona vidoa vya saruji kwenye maungio ya matofali, mviringo, ukubwa wa sarafu ya pauni moja, vimepangwa kwa nafasi sawasawa mpaka juu karibu na mfereji wa paa. Nimetupa taka pale miaka kumi bila kuviona. Hayo ndiyo matundu ambayo mafundi hupulizia sufi ndani ya ukuta, kisha huyaziba.

Nikateremsha bahasha. Katikati ya ramani ya bomba la majitaka na barua za benki kulikuwa na dhamana ya miaka 25 ya kujaza ukuta, ya CIGA, shirika linalotoa dhamana za kazi hiyo, ya mwaka 2008, kwa jina la mwenye nyumba wa zamani na anwani yetu. Mkaguzi wa 2015 hakwenda ubavuni, na hakuna aliyemwonyesha karatasi. Kama huna karatasi lakini matundu unayaona, wasiliana na CIGA uwape anwani, waangalie kama wana dhamana ya nyumba yako.

Kujua ukuta wako ni wa aina gani si kazi kubwa. Matofali yakiwa yote yamelala kwa urefu, huo mara nyingi ni ukuta wenye uwazi. Ukiona refu, kichwa, refu, kichwa, huo ni ukuta mzima usio na nafasi ya kujazwa. Pima unene mlangoni: ukuta mzima ni karibu sentimita 23, wenye uwazi huanzia kama 26. Nyumba nyingi za kabla ya miaka ya 1920 ni za ukuta mzima, na kuzihami, yaani kuzikinga zisipoteze joto, ni gharama ya kuumiza. Mwenye nyumba ya aina hiyo ahangaike na mengine kwanza.

Karatasi nyingine za kutafuta: cheti cha madirisha cha FENSA (mpango unaosajili mafundi wa madirisha), risiti za fundi zenye anwani ya nyumba, cheti cha halmashauri kama mliongeza chumba nyuma, kitabu cha boila. Kitabu hicho usikidharau. Mkaguzi akipata namba kamili ya modeli anaingiza ufanisi wake halisi. Asipoipata, anachukua wastani wa boila za umri ule.

Darini

Hapa nilitumia wikendi mbili na nikakosea mara moja, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwenye nyumba aliyetutangulia alipigilia mbao darini apate mahali pa kuweka vitu. Mkaguzi asipoona sufi iliyo chini ya mbao, hana cha kupima. Niling'oa mbao tatu nikakuta sufi ya kijivu, imelala kama godoro la gesti, unene wa sentimita 7 hivi. Kinachopendekezwa kwa sufi ya kioo ni milimita 270. Niling'oa mbao zote.

Namna ya kuiweka ni hii. Tabaka la kwanza la milimita 100 linajaza nafasi kati ya boriti na boriti. Tabaka la pili la 170 linapita juu ya boriti, likikatiza la kwanza, ili zile boriti zenyewe zisibaki njia ya joto kutoroka. Usiibane. Sufi inahami kwa hewa iliyomo ndani yake. Ukiikandamiza umenunua hewa ukaitupa. Kama bado unataka kuweka vitu, nunua vile vigingi vya plastiki vinavyoinua mbao juu ya sufi, kisha acha sehemu moja bila ubao ili mkaguzi aweze kupima kwa futi.

Vaa barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu. Mimi siku ya kwanza nilipanda na fulana, kwa kuwa darini Agosti kuna joto la Tanga. Usiku sikulala kwa kujikuna.

Kosa langu lenyewe lilikuwa kwenye kingo. Nilitaka kuziba kila upenyo, nikashindilia sufi mpaka pale paa linapokutana na ukuta. Januari nikapanda na tochi, nikakuta misumari ya paa inadondosha maji, tone tone, kama jokofu lililozimwa. Paa linahitaji kupumua. Niliivuta sufi nyuma nikaacha nafasi ya sentimita 5 pembezoni, upepo ukapita, pakakauka. Usifunike pia taa zilizozama darini wala nyaya za umeme. Na chini ya tangi la maji baridi usiweke sufi: lifunge tangi lenyewe na mabomba yake, uache joto kidogo la chumba lilifikie lisigande.

Mlango wa darini nao ni sehemu ya dari. Nilibandika ubao wa povu kwa juu yake na utepe wa kuzuia upepo kwenye kingo.

Vidogo vinavyolipa, na kimoja cha kuondoa

Tangi letu la maji moto lilikuwa na koti jembamba lililochanika. Koti jipya la milimita 80, pauni 22, dakika ishirini na kamba zake. Hakikisha pia tangi lina themostati yake na mkaguzi anaweza kuiona, si imefukiwa chini ya taulo.

Radieta zetu hazikuwa na koki za themostati, zile zenye namba 1 hadi 5. Fundi bomba aliweka sita kwa pauni 280. Mkaguzi huangalia vitu vitatu pamoja: saa ya boila, themostati ya chumba, na koki za radieta. Vikiwepo viwili tu, alama zinapungua.

Balbu zote nilibadilisha kuwa LED, pamoja na ile ya chooni na ile ya ngazini ambayo huhitaji shingo ya twiga kuifikia. Zinazohesabiwa ni taa za kudumu, si taa ya mezani.

Sasa cha kuondoa. Sebuleni tulikuwa na hita ya umeme ya ukutani yenye moto wa bandia, watoto wanaipenda. Hita iliyofungwa ukutani inahesabiwa kama chanzo cha pili cha joto, na hesabu yote ya alama za EPC inasimama juu ya gharama ya nishati. Yuniti moja ya umeme ni ghali mara kadhaa kuliko ya gesi, kwa hiyo hita ile inakushusha hata kama huiwashi. Fundi umeme aliitoa na kuziba waya kwa pauni 60. Kama yako ni ya gesi, mwite fundi wa Gas Safe, yaani aliyesajiliwa kwa kazi za gesi, usijaribu mwenyewe hata siku moja. Dohani iliyo wazi nayo ni tundu la kutoa joto. Ikiwa meko hayatumiki, yazibwe moja kwa moja na kuachiwa tundu dogo la hewa, la sivyo dohani itaota unyevu.

Huo wa unyevu ndio ugonjwa wa nyumba zetu huku. Kwetu nyumba inajengwa ili joto litoke: madirisha mapana, baraza, matundu juu ya mlango. Huku kila kitu kinazibwa, na sisi tunapika wali wa nazi saa nzima sufuria inatoa mvuke. Ziba nyufa za milango na madirisha kwa utepe, ndiyo, lakini vile vitundu vidogo vya hewa juu ya madirisha na feni za jikoni na bafuni viache vifanye kazi. Alama za C hazina faida kama ukuta wa chumba cha watoto umeota kuvu.

Kwenye mapazia mazito, mazulia, jokofu jipya na bili ndogo usitie tumaini. Mkaguzi hahesabu unavyoishi, anahesabu jengo, akichukulia sebule ina nyuzi 21 na vyumba vingine 18. Mke wangu alitaka kumweleza kwamba sisi tunavaa sweta ndani na hita tunawasha jioni tu. Nikamwambia huyo bwana hana kisanduku cha sweta.

Wa fleti za umeme mtupu, shida yenu ni aina ya hita. Hita za kawaida za ukutani zinaangusha alama. Zile zinazohifadhi joto kwa umeme wa usiku, pamoja na mita ya bei mbili, zinafanya vizuri zaidi. Mwonyeshe mkaguzi mita yenyewe. Fleti iliyo katikati, yenye majirani juu na chini, ina bahati, kwa kuwa dari na sakafu yake hazipotezi joto.

Mambo makubwa sikuyagusa. Paneli za sola huinua alama sana, na mpaka Machi 2027 ufungaji wake hapa Great Britain hautozwi VAT. Pampu ya joto ina ruzuku ya pauni 7,500 kwa England na Wales. Ila anayekugongea mlango akikuambia atahami ukuta wako kwa nje bure, na sahihi anaitaka leo hii, mpe chai umsindikize. Mwaka 2025 ofisi ya taifa ya ukaguzi wa hesabu ilitoa ripoti kuhusu kuta zilizohamiwa kwa nje chini ya mpango wa serikali: karibu zote zilikuwa na kasoro kubwa za kurekebishwa.

Siku yenyewe

Usimwite mkaguzi kabla hujamaliza. Cheti kikishaingia kwenye rejista, ukitaka kingine unalipa upya. Mimi nililipa pauni 75. Wengine hukubali kukufanyia hesabu ya awali kabla ya kusajili, kwa hiyo uliza ukiwa bado kwenye simu. Na ujue kwamba tangu Juni 2025 wanatumia toleo jipya la hesabu, RdSAP 10, linalotaka madirisha yapimwe moja moja. Vuta makochi, fungua mapazia. Hesabu zikibadilika, nyumba ileile inaweza kupata alama tofauti bila kuguswa, kwa hiyo ukilenga C usilenge 69 kamili. Lenga 71 au 72.

Nilikuwa nimepanga karatasi zangu mezani kwa mpangilio, na picha nilizopiga wakati wa kazi: sufi ikiwa na futi pembeni, na moja inayoonyesha namba ya mlango ili isisemwe ni ya nyumba nyingine. Nilijiona mtaalamu. Kisha akaomba kupanda darini.

Chini ya mlango wa darini, kwenye ule ushoroba mdogo wa juu, yalikuwa yamesimama mapipa mawili ya bluu. Ninyi mnayajua. Nguo, sabuni, masufuria, viatu vya shule, yanangoja kontena la Tanga tangu Ramadhani. Ngazi haina pa kusimama. Mkaguzi akayatazama, akanitazama mimi. Akasema kwa upole kwamba asipofika juu ataandika makadirio.

Wikendi mbili za kujikuna, halafu makadirio!

"Baba Salma, pipa la kushoto lina vyombo vya mama," mke wangu akasema kutoka chini, kabla hata sijaligusa.

Tuliyasukuma pamoja, mimi na mkaguzi, pipa moja chooni, jingine chumba cha Salma. Alipanda, akapima sehemu tatu, akapiga picha, akashuka na vumbi kwenye magoti. Kisha nikampeleka ubavuni kwenye matundu, akainama na tochi yangu, akaipiga picha na dhamana. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Mezani akanionyesha kwenye tableti yake: bila ule ushahidi wa ukuta, 64. Akagusa kisanduku kimoja, ikawa 71.

Jumla nilitumia pauni 603 kwa vifaa na mafundi, sufi peke yake 210, mbali na hiyo ada ya mkaguzi. Karatasi iliyonipa alama saba haikunigharimu hata senti.

Cheti kikija, kisome siku hiyohiyo. Changu kilisema tangi halina themostati. Nilimtumia mkaguzi picha, akarekebisha na kusajili upya bila malipo. Akikataa wakati una ushahidi, kila mkaguzi yuko chini ya chombo kilichomthibitisha, jina lake limeandikwa kwenye cheti, na malalamiko yanapelekwa huko.

Shemeji, toa kwanza vilivyo chini ya mlango wako wa darini. Najua nawe una pipa. Yetu hayajaondoka bado. Moja liko chooni mpaka leo, tunaingia kwa ubavu.